Mahari Yangu Ilikataa Kuwaka

Mliponiacha juma lililopita nilikuwa nimemfukuza Kazungu, dereva aliyefanya kazi na mume wangu miaka sita. Nilimfukuza nikiwa nyuma ya pazia, bila hata kumwona uso, kwa kuwa kaka yangu Yeslam aliniambia kwamba Kazungu ndiye anayeliharibu gari.

Kwa asiyesoma yaliyotangulia, mimi ni Nadhira. Mume wangu Hadi alifariki mwaka wa sitini na moja hapa Likoni, kwa homa ya siku nne. Hakuniachia mtoto. Aliniachia gari moja kuukuu la kupelekea mikate madukani, na gari hilo lilikuwa langu tangu yu hai, maana alinipa liwe mahari yangu mbele ya mashahidi, na kadi akaiandikisha kwa jina langu.

Nilikuwa edani. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Mama yangu, Bi Sheikha, alihama kwake Kisauni akaja kukaa nami.

Na kila alfajiri gari lilikataa kuwaka. Mikate ilichelewa, wenye maduka wakanung'unika, mpaka mwenye tanuri akaleta salamu: ikifika Ijumaa mambo ni yale yale, njia ya kupeleka mikate mtaa wa Shika Adabu atampa mtu mwingine.

Ijumaa hiyo hiyo ndiyo eda yangu ilipokuwa inakwisha. Njia ikipotea, gari halina kazi. Gari likikosa kazi, mimi sina cha kunibakisha Likoni, katika nyumba aliyofia Hadi.

Basi Kazungu alikwisha kwenda zake. Nikalala nikijua kesho gari litawaka.

Halikuwaka.

Yeslam alifika Jumanne kwa feri ya kwanza kushika usukani badala ya Kazungu. Kaka yangu alikuwa muuza nguo. Mikono yake ilijua kupima bafta, spana haikuijua. Gari lililala chini ya dirisha langu, kwa hiyo tulizungumza kupitia upenyo wa dirisha, yeye nje, mimi ndani.

"Dada, betri imekufa."

"Haijafa. Zungusha tena."

Akazungusha. Injini ikaenda nguu-nguu-nguu, wala haikushika.

"Umesikia? Betri iliyokufa hugugumia. Hiyo ina nguvu zake."

"Basi hamna petroli."

"Nainusa mpaka huku ndani. Umevuta choki mno, umelilevya kwa petroli. Irudishe, ungoje kidogo."

"Haya, fundi! Ufundi umeanza lini?"

Niliuanza kwa kusikiliza. Miaka yote ile Hadi alikuwa akifungua boneti chini ya dirisha lile na kusema kila analofanya kwa sauti, kana kwamba anamfundisha mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mimi, nachagua mchele ndani. Gari lisilowaka, alikuwa akisema, usilipige teke. Liulize kama lina nguvu, kama limekunywa, na kama lina moto. La nne hakuna.

Nguvu lilikuwa nazo, na kunywa limekunywa. Basi moto ndio usiofika kwenye plagi.

"Mwanangu," mama akasema nyuma yangu, "mfiwa hapigi kelele dirishani. Watu wapita."

"Mama, mikate yaharibika."

"Mikate ina Mola wake. Gari hili limemfuata bwana wake. Bwana Aqil yuwalitaka. Muuzie, twende zetu Kisauni."

Bwana Aqil alikuwa mfanyabiashara wa mbao huko Kisauni, mtu mzima aliyefiwa na mkewe. Alikuja matangani siku ya tatu, na tangu siku hiyo salamu zake hazikukatika, zote zikipitia kwa mama.

"Mahari yangu siiuzi, mama."

"Haya. Mimi sisemi tena."

Akatoka nje akasema tena kwa Yeslam. Nilimsikia.

Yeslam akatafuta mkokoteni, mikate ikaenda kwa kusukumwa, ikafika Shika Adabu watu wamekwisha kunywa chai kwa viazi vitamu. Aliporudi saa nne, jua limepiga boneti, aliugusa ufunguo kwa hasira tu. Gari likawaka papo hapo. Likatulia linanguruma, kama mtoto aliyevunja chungu halafu akakimbilia msahafu.

Nilikaa nikafikiri. Gari linalolala zima, likaamka gonjwa, likapona juani. Ugonjwa huo Hadi alikuwa na jina lake: unyevu. Juu ya injini kuna kichwa cheusi kinachogawa moto kwa plagi nne. Kikilowa kwa ndani, moto hupotea njiani. Ndiyo sababu kila jioni alifunika boneti kwa gunia.

Kazungu aliniapia kwamba na yeye hulifunika kila jioni. Sikumwamini.

Jioni ile nilimtaka Yeslam alifunike kwa magunia mawili kabla hajaenda kwao. Nililihakikisha kwa macho yangu, kwenye upenyo. Usiku mvua haikunyesha, wala umande haukuwa mwingi. Nikaomba Mungu.

Jumatano alfajiri, nguu-nguu-nguu.

"Magunia yamelowa?" niliuliza.

"Makavu kama koo langu."

"Na chini yake?"

"Chini yake sijui! Mimi naenda kutafuta mkokoteni, dada. Ukitaka, toka uje uangalie mwenyewe."

Alijua siwezi kutoka. Akaondoka.

Hapo ndipo nilipomwona Dorcas anarudi kutoka zamu. Dorcas alikuwa muuguzi, Mjaluo, jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuwa na nguo zake nyeupe na macho mekundu ya kukesha.

"Dorcas! Una haraka?"

"Haraka ya kulala tu. Kuna nini, mama?"

"Nifungulie boneti."

"Mimi?"

"Mimi sitoki. Wewe una mikono."

Akacheka, akaweka mkoba wake chini. "Mwezi mzima navuta watoto kwa kichwa. Hii gari ndiyo itanishinda?"

Akafungua kamba iliyofunga boneti, maana kufuli yake ilikwisha kuvunjika zamani.

"Waona kichwa cheusi, kina waya tano? Kama pweza."

"Kwetu hakuna pweza. Tafuta kitu ingine."

"Kama baba amesimama katikati, watoto wanne wamemzunguka."

"Eeh! Huyo baba namwona. Amechoka kama mimi."

"Ana vibanio viwili, huku na huku. Vifyatue, umwinue. Waya usizivute."

Nikasikia ta, na tena ta.

"Nadhira."

"Nakusikia."

"Hapa ndani iko na maji."

"Ni umande huo."

"Umande naujua. Umande haijai ndani kama uji kwa kijiko. Huku kote chuma imekauka, hapa peke yake imelowa. Hii mtu amemwaga."

Dorcas alitoa leso yake nyeupe, akafuta ndani na nje, akafuta na waya, akarudisha kichwa na vibanio vyake. Leso akaianika kwenye nondo za dirisha langu. Kisha akaingia garini, akagusa ufunguo ambao Yeslam aliuacha humo.

Likawaka kwa mguso mmoja.

Mimi nililia, Dorcas akapiga honi kama siku ya arusi. Mama akatoka jikoni na mikono ya unga. "Kuna nini tena?"

"Gari limewaka, mama!"

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi jikoni.

Dorcas alizima gari, akaja dirishani akasema kwa sauti ya chini. "Nani hukaribia hii gari kabla ya jua?"

"Yeslam peke yake."

"Basi sikiliza, na usinikasirikie. Jumapili nilimwona huyo ndugu yako kivukoni na yule mzee wa mbao. Walisimama wakaongea mpaka feri mbili zikaenda."

Nani aliyeniambia nimfukuze Kazungu? Yeslam. Na gari likifa, nani atakayelinunua kama chuma chakavu? Rafiki yake Yeslam wa kivukoni.

Huyo ni kaka tuliyelala naye mkeka mmoja, tukigawana kipande cha halua kwa uzi ili asizidi mtu. Baada ya adhuhuri alipoingia kutoka mkokotenini, fulana imemganda mgongoni, sikumpa hata maji.

"Yeslam, umemwaga mara ngapi?"

"Kumwaga nini?"

"Maji. Kwenye gari langu. Tangu lini, na amekuahidi nini huyo Aqil?"

Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua.

"Wallahi, Nadhira, mimi hata boneti sijui yafunguliwa upande gani! Jana si wewe uliyenicheka?"

"Na kivukoni Jumapili? Mlikuwa mkisema nini?"

Hapo akainamisha kichwa. Nikajua nimempata.

"Nilidhani wajua," alisema.

"Nijue nini?"

"Hakuniuliza gari. Aliniuliza vipimo vyako."

"Vipimo vyangu?"

"Ati ataka nguo za bibi arusi zikatwe mapema dukani kwetu. Nikamwambia sisemi neno, dada yangu yu edani. Akacheka. Akasema mama amekwisha kumjibu."

Mjane aliye edani hachumbiwi. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Anayemtaka hungoja, na akizidiwa husema kwa mafumbo. Aliyenisomesha hayo, tangu sijajua kufunga kanga, alikuwa mama yangu mwenyewe.

"Mwongo wewe," nilimwambia Yeslam. Nakiri hapa, mbele ya kila msomaji, kwamba nilisema hivyo. "Wewe ndiye mwongo, sasa wataka kumsingizia mama."

Kaka yangu alisimama. Hakupaza sauti.

"Kazungu ulimfukuza kwa neno langu, na neno langu lilikuwa la kijinga. Mimi leo wanifukuza kwa neno la nani?"

Akautundika ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, akatoka bila kuaga. Hakuwa amewahi kutoka kwangu bila kuaga.

Nilibaki nimesimama dirishani. Machozi yalinijia nami sina kitu mkononi, basi nikanyoosha mkono kwenye nondo nikatwaa leso ya Dorcas, iliyokwisha kukauka juani. Nikajifuta uso.

Nikasita. Nikaileta tena puani.

Ilinukia ubani.

Asiyepata kukaa edani hatalijua hili. Miezi minne sikugusa udi, asumini wala marashi. Pua yangu ilikuwa kali kama ya paka. Ubani ule ulikuwa mdogo sana, umejificha nyuma ya harufu ya petroli, lakini ulikuwamo, na ndani ya nyumba yetu ubani ulikuwa mahali pamoja tu.

Tulikuwa na mitungi miwili ya maji ya kunywa. Wangu ulikuwa na maji matupu. Wa mama ulifukizwa ubani kila Alhamisi, kama alivyofanya maisha yake yote, maana maji yasiyofukizwa yeye hayamshuki kooni. Mtungi ule ulikaa pembeni mwa kitanda chake. Hakuna aliyeugusa ila yeye.

Nilikwenda nikafunua kawa. Maji yalikuwa nusu, na Alhamisi ilikuwa bado kesho.

Mama akaingia, ametoka kuswali alasiri, ushungi bado kichwani. Akaniona nimesimama juu ya mtungi.

"Mama, maji yako yamepungua."

"Joto hili, mwanangu. Nanywa sana."

Nikampa leso. Hakuinusa. Aliitazama tu, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kitanda kwa adabu, kama kitu cha mgeni.

"Kapi ya kisima yalia," alisema taratibu. "Ningeteka kisimani, ungeamka."

Basi. Hakuapa, hakukana. Nilitamani akane.

"Nani aliyekufundisha pa kumwaga?"

"Hadi."

Niliketi sakafuni.

"Nilikuja kuwatembelea, mwezi wa mfungo sita ule," alisema. "Asubuhi nikawa namwagilia asumini hapo dirishani. Akanipigia ukelele, huku acheka: Mama, hapo la! Kata moja ya maji hapo, leo hatuli! Akanifungulia, akanionyesha kile kichwa na vibanio vyake. Mkwe mwema, Mungu amrehemu. Hakunificha kitu."

"Kwa wema wake ndiyo ukalifanyia hivi gari lake?"

"Gari lake ndilo likuwekalo huku peke yako."

"Na Kazungu? Uliniacha nimfukuze mtu asiye na kosa, nawe wanitazama?"

"Kazungu ni mwanamume. Kazi hapati?"

"Na Aqil? Umemjibu ndani ya eda yangu?"

Mama akaketi kitandani. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilikaa mjane miaka kumi na minane, Nadhira. Wewe wakumbuka chakula tulichokula. Hukumbuki nilikokitoa, wala maneno niliyoambiwa njiani. Sikutaka upite nilikopita, ukifukuzana na mikate na madereva. Nikasema, gari likimchosha ataliacha. Akiliacha atarudi nyumbani. Akirudi, kuna mtu wa heshima amngojea."

"Kadi ina jina langu. Sitii sahihi."

"Utatia. Ijumaa, ukisha kutoka edani. Nimekwisha kutoa neno, na neno langu ndilo lililobaki la heshima ya baba yako katika mji huu."

Hapo, chini ya dirisha, nilisikia sauti niliyoililia alfajiri zote zile.

Stata moja. Gari likawaka.

Nikatazama mlangoni. Msumari ulikuwa mtupu.

"Mama, ufunguo uko wapi?"

"Bwana Aqil ametuma mtu aje alijaribu. Nimempa nilipotoka kutawadha. Yuwajua yeye kwamba halina ugonjwa."

Nikarukia dirishani. Gari langu lilikuwa limekwisha kugeuka, linaelekea njia ya kivukoni. Kabla ya mteremko dereva alikanyaga klachi mara mbili, gia ikapokelewa bila mlio wowote. Hadi alikuwa akibadili gia hivyo, kwa kuwa gari lile ukilibadili kwa pupa hupiga ukelele. Na alimfundisha mtu mmoja tu.

Kofia ya khaki ilionekana dirishani mwa dereva. Kazungu.

Hakugeuka kulitazama dirisha langu. Ageuke kwa nini? Mimi ndiye niliyemfanya awe mtu wa kuajiriwa na Aqil. Nilimfukuza kwa kinywa changu, hata chai sikumpa.

"Kazungu!" niliita. Gari halikusimama.

Feri ilikuwa imekwisha kupiga honi. Gari likisha kuvuka maji, likafika Kisauni katika uwanja wa mbao wa Aqil, nani atakayenirudishia? Kaka niliyemwita mwongo? Mama aliyeutoa ufunguo?

Nikachukua buibui lililotundikwa nyuma ya mlango. Lilikuwa na vumbi la miezi minne.

"Nadhira." Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Zimebaki siku mbili. Siku mbili tu, mwanangu. Usimvunjie mumeo eda yake."

Yeye aliyekwisha kuivunja kwa jibu lake kwa Aqil.

Mlio wa gari ulikuwa unapungua kwenye mteremko. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kupita kizingiti, umekanyaga mchanga wenye joto. Wa kushoto ulikuwa bado ndani, na ncha ya kanga yangu imo mkononi mwa mama.